Pombe na dawa za kulevya kwenye kituo cha kulelea watoto: utaratibu wa kuweka kabla mabibo hayajaanza kudondoka

Mtwara na Lindi tatizo hili lina msimu wake. Mwezi wa tisa mabibo, matunda ya mkorosho, yanaanza kudondoka, uraka (pombe ya juisi ya mabibo iliyochachuka) unauzwa kila uchochoro, na nipa, ile pombe kali ya kutoneshwa, inafuata nyuma yake. Minada ya korosho ikifunguliwa, fedha zinaingia kwenye akaunti za wakulima, na watu waliokaa miezi bila senti wanajipongeza. Mwenye kituo cha kulelea watoto mchana, awe Chikongola, Mikindani, Masasi mjini au Nachingwea, anaiona tofauti pale getini jioni, watoto wanapochukuliwa.

Kwa hiyo mwongozo huu ufanyie kazi mwezi wa saba au wa nane, kukiwa kumetulia. Saa kumi na nusu jioni, baba akiwa juu ya pikipiki anayumba na mtoto keshaanza kumkimbilia, huo si wakati wa kuanza kuulizana "sasa tufanyeje?"

Hatua ya 1: Andikeni ukurasa mmoja, mzazi asaini

Ukurasa mmoja tu, Kiswahili cha kawaida, usomwe kwa sauti mbele ya mzazi siku anapomwandikisha mtoto. Wazazi waliokwishaandikisha waitwe kwenye kikao nao wasaini. Kiini chake ni sentensi kama hii:

"Kituo hakitamkabidhi mtoto kwa mtu yeyote, hata akiwa mzazi, anayeonekana hawezi kumfikisha mtoto nyumbani salama kwa wakati huo. Kituo kitampigia simu mtu mwingine aliyeandikwa kwenye fomu."

Haisemi "mlevi", na ni makusudi. Wewe huna kipimo cha pombe wala si daktari. Huna haja ya kuthibitisha kwamba mtu amekunywa. Unachohitaji ni kuona kwamba hawezi kubeba mtoto wa miaka mitatu kwenye pikipiki. Halafu pwani yetu pombe ni jambo la aibu. Mtu atatafuna tangawizi au bazoka njia nzima na bado atakana mbele yako. Ukianza kubishana kama amekunywa au hakunywa, mtabishana mpaka magharibi.

Chini ya sentensi hiyo waandikwe watu watatu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na namba zao. Angalau mmoja awe mtu anayebaki mjini msimu wa korosho. Familia nyingi zinahamia mashambani, Tandahimba huko au Newala, mtoto anabaki na bibi, na simu za baba na mama hazipatikani hadi usiku. Fomu yenye majina matatu ya watu walioko shambani haina kazi. Na namba zipigwe siku hiyohiyo mzazi akiwa amekaa mbele yako, usikie kama zinaita.

Wanafunzi wa shule ya msingi wasiwemo kwenye orodha.

Hatua ya 2: Anzeni na walezi wenyewe

Kanuni ya mlezi ni rahisi kuitamka: haji kazini akiwa amekunywa, hanywi akiwa kazini, haji na chupa kwenye mkoba. Penye ugumu ni asubuhi ya baada ya harusi. Wengi wanaamini mtu akilala, pombe imeisha. Hebu tupige hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, haujali kahawa, supu ya pweza wala kuoga maji baridi. Aliyekunywa chupa tano akamaliza saa sita usiku, saa moja asubuhi huenda bado ana kilevi mwilini, na kinaweza kubaki mpaka saa nne au zaidi. Kwa nipa hesabu hiyo haiwezekani kabisa, maana hakuna anayejua ukali wa ile aliyouziwa.

Basi wekeni ruhusa ya wazi: mlezi aliyekesha kwenye sherehe apige simu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, aseme "leo sitaweza", abadilishane zamu, na asitukanwe. Ukiweka adhabu kwa anayesema ukweli, utapata walezi wanaokuja na usingizi na kuficha.

Mlezi akionekana hayuko sawa katikati ya kazi, mwondoe kwa watoto kwanza, kwa utulivu, bila maswali mbele ya wenzake. "Mwajuma, njoo ofisini kidogo, Anti Rehema atashika darasa lako." Mpe maji, tafuta wa kumsindikiza nyumbani. Asipande bodaboda peke yake. Andika ulichokiona. Mazungumzo yafanyike siku inayofuata, akiwa mzima, na apewe nafasi ya kujieleza. Huo si upole wako tu: chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mfanyakazi haachishwi kazi bila sababu halali na bila utaratibu wa haki.

Kama ni mtu anayekunywa kila siku tangu miaka, usimwambie "kuanzia kesho acha kabisa" ukadhani umemsaidia. Mnywaji mzito akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege, na wapo wanaokufa. Mpeleke hospitali, aeleze kiasi anachokunywa, wamsimamie wakati wa kuacha.

Kuna kilevi kingine ambacho watu hawakihesabu: dawa ya mafua. Kuna walezi, na kuna wazazi pia, wanaompa mtoto Piriton ili alale mchana. Dawa za namna hiyo zinalewesha, na kwa mtoto mdogo dozi ikizidi anaweza kupata degedege au kushindwa kupumua vizuri. Mtoto asipewe dawa yoyote kituoni bila maandishi ya mzazi yenye jina la dawa, kiasi, saa na sababu. Chumba ambacho watoto wote wanalala fofofo saa tatu mfululizo kila siku, mwenye kituo akichunguze badala ya kukisifia.

Hatua ya 3: Ukaguzi wa asubuhi

Mtu mmoja azunguke eneo lote kabla ya mtoto wa kwanza kufika: nyuma ya choo, chini ya mikorosho, kwenye ukuta unaopakana na barabara. Anatafuta chupa, bapa, vipisi vya sigara na bangi, na mabomba ya sindano. Jumatatu azunguke mara mbili.

Akikuta sindano, asiiguse kwa mkono mtupu wala asijaribu kuifunika. Aishike kwa koleo, aitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ipelekwe zahanati. Ikimchoma mtu, osha mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usinyonye, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Kisha chupa za watoto. Bibo lenyewe halina neno, mtoto ale. Lakini juisi ya mabibo iliyokamuliwa jana na kukaa joto letu hili imeshaanza kuchachuka, na nyumbani uraka unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye chupa ileile ya maji anayobeba mtoto. Nipa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ni nyeupe kama maji. Mlezi wa mapokezi afungue kila chupa na kuinusa. Kila chupa, ya mtoto wa mkuu wa idara na ya mtoto wa mchoma mihogo, ili asiwepo mzazi wa kusema ameonewa.

Hatua ya 4: Mtu amekuja kuchukua mtoto, na hayuko sawa

Mtoto abaki ndani. Mlezi mmoja aendelee naye, amfunge viatu polepole, wasome kitabu, chochote. Mlezi wa pili ndiye atoke getini. Asitoke mtu mmoja huku mtoto amemng'ang'ania sketi.

Jambo la kwanza la kuuliza ni afya. Mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka anayumba, anatoka jasho, anaongea vitu visivyoeleweka. Aliyetoka kwenye kifafa hukaa kama amelewa. Malaria kali inachanganya akili. Aliyepata kiharusi maneno yanamkwama na uso unalegea upande mmoja. Kwa hiyo: "Baba Nasra, unajisikiaje leo? Umekula?" Kama ana kisukari na anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari. Uso ukilegea au mkono ukikosa nguvu, ni hospitali mara moja.

Kama afya haina shida, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Baba Nasra, karibu, karibu kiti. Nasra anavaa viatu."

"Nina haraka, dada. Nipe mwanangu."

"Sawa, anakuja. Nimempigia mama yake mdogo, yuko njiani, mtaondoka wote."

"Kwani mimi si baba yake?"

"Wewe ndiye baba yake, nani atakataa? Ila kwenye pikipiki leo hapana. Ile karatasi tulisaini mimi na wewe. Nikiivunja, kazi sina."

Hakuna mahali mlezi amemwambia amelewa. Amempa kiti, amempa heshima yake ya baba, na lawama ameitupia karatasi. Karatasi haina uso wa kuona haya. Kama mlezi na mzazi ni watani, utani kidogo unasaidia sana, lakini usitanie juu ya pombe.

Akija mzee, babu wa mtoto, usimtume binti wa miaka ishirini kumzuia. Hata akisema sawasawa, itaonekana amekosa adabu, na mzee atakasirika kwa hilo badala ya kusikiliza. Atoke mlezi mkubwa kuliko wote, aamkie, "Shikamoo mzee", akae naye. Kituo kisicho na mtu mzima wa namna hiyo kijipatanie mapema na jirani anayeheshimika, awe tayari kuitwa.

Mpe maji anayekuja. Kahawa haipunguzi kilevi, inamfanya tu mlevi awe macho.

Sasa akikataa kabisa? Kituo hakina mamlaka ya kumnyang'anya mzazi mtoto wake, na kuvutana mikono kunaumiza mtoto. Ita majirani, mpigie mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Jaribu kupunguza hatari hata kama huwezi kuiondoa: aache pikipiki hapo, waende kwa miguu na mlezi mmoja awasindikize, au bajaji ilipiwe na kituo. Kama amempakia mtoto na kuondoka, piga polisi 112, toa namba ya pikipiki, uelekeo na nguo alizovaa, halafu mpigie mtu wa pili kwenye fomu. Usiogope kwamba umemchongea. Bodaboda yenye mtoto mbele kwenye tangi, barabara ya Mikindani jioni, haina simile.

Dereva wa bodaboda au bajaji wa kukodiwa ni habari nyingine. Huyo hana haki ya mzazi. Akinuka pombe, akiwa na macho mekundu na ulimi mzito, anarudi mikono mitupu, mzazi anapigiwa, kwisha. Ikitokea tena, mwambieni mzazi atafute mwingine.

Hatua ya 5: Mtoto amekunywa pombe au amemeza kitu

Hapa hakuna kusubiri. Kiasi ambacho mtu mzima hakioni kinaweza kumwangusha mtoto wa miaka miwili, kwa sababu pombe inashusha sukari ya mtoto haraka. Utaona usingizi usio wa kawaida, kuyumba, kutapika, ngozi ya baridi yenye majimaji, kupumua taratibu, na pengine degedege.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Mwondolee kilichobaki mdomoni na mkononi. Muite jina, mguse, uone kama anaitika. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe maji ya sukari au juisi kidogokidogo. Akiwa amelegea, usimpe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, mfunike kanga apate joto. Mtu mmoja asiondoe macho kwenye kifua chake, ahesabu anavyopumua. Mwingine atafute gari. Bodaboda iwe chaguo la mwisho, na watu wazima wawili, mmoja kazi yake ni kumshika mtoto tu.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Usimmwagie maji ya baridi. Haya yote hufanywa kwa nia njema na yote yanaweza kumzidishia. Kama alichokunywa ni mafuta ya taa, kumtapisha ni hatari zaidi, kwani yakiingia kwenye mapafu ndipo balaa linapoanza.

Beba chupa yenyewe. Hospitali ya Mtwara mjini ni Ligula, Lindi mjini ni Sokoine, Masasi ni Mkomaindo, na kwa walio karibu kuna Ndanda na Nyangao. Ukifika mwambie daktari ukweli wote: ni nipa, ilikuwa kiasi gani, saa ngapi. Kuna wanaosema "amekula embe bovu" ili kumfichia bibi aibu, na daktari anatibu embe. Hata mtoto akionekana amechangamka, mpeleke. Pombe ya kienyeji iliyotoneshwa inaweza kuwa na methanoli, na sumu hiyo huweza kuchelewa saa nyingi kabla ya kujionyesha, kisha ikapiga macho.

Mzazi apigiwe mkiwa njiani. Msimsubiri afike.

Kama ni dawa za kulevya, na mtoto amelala hashtuki, anapumua kwa kusita, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, fikirieni heroini au dawa kali za maumivu. Hatua ni zilezile, ila haraka zaidi, na akiacha kupumua anayejua kumpulizia pumzi aanze palepale. Kila kituo kiwe na walau walezi wawili waliofundishwa huduma ya kwanza.

Hatua ya 6: Mmekuta kete ya dawa za kulevya

Watoto waondoke eneo hilo. Usiguse, usionje (wapo wanaoonja!), usitupe chooni, na usiweke kwenye droo ya ofisi eti ni ushahidi. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 kukutwa nazo ni kosa, na droo ni yako. Ita polisi au mtendaji, mtu asimame karibu mpaka wafike. Namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119.

Hatua ya 7: Daftari, na lini taarifa itoke nje ya kituo

Andika siku hiyohiyo. Uliona nini, ulisikia nini, ulinusa nini, saa ngapi, nani alikuwepo, mlifanya nini. Linganisha:

"Baba wa mtoto alikuja amelewa chakari kama kawaida yake."

"Saa 10:40 jioni baba alifika kwa pikipiki. Aliegemea geti, funguo zilimdondoka mara mbili, alinuka pombe. Hakukabidhiwa mtoto. Mama mdogo alifika saa 11:15 akaondoka na mtoto. Aliyekuwepo: Anti Rehema."

Ya kwanza ni umbea. Ya pili afisa ustawi wa jamii anaweza kuifanyia kazi. Daftari lifungiwe, wasilisome walezi wote, na habari zisiende kwenye kundi la WhatsApp la wazazi hata kwa mafumbo. Mji wetu mdogo, fumbo linafumbuliwa kabla ya isha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo.

Mzazi kunywa pombe si ukatili. Wapo wanaokunywa na watoto wao wanakuja wameoga, wameshiba, wana furaha. Anayekupa wasiwasi ni mtoto anayekuja na njaa kila Jumatatu, mwenye alama mwilini zisizo na maelezo, anayeogopa saa ya kwenda nyumbani, anayesimulia kwamba usiku alilala peke yake. Watoto pia wataigiza. Utamkuta mmoja amejaza maji ya mchanga kwenye kifuniko cha ndoo, anazungusha kwa wenzake, "onja, onja, hii kali," kisha anapepesuka na wote wanaanguka kicheko. Mchezo peke yake si ushahidi. Pengine ameona kilabuni njiani. Iandike, umwangalie, usimhoji.

Dalili zikijirudia, zungumza na mzazi kwanza, isipokuwa pale ambapo mazungumzo hayo yatamweka mtoto hatarini zaidi. Baada ya hapo ni kwa mtendaji na afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali ya mtaa wake, kwa hiyo hapa huombi ruhusa ya mtu. Mtoto akiwa amepigwa au amefanyiwa ukatili, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Usipojua uanzie wapi, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure.

Asubuhi ya pili

Baba Nasra atakuja kesho yake, au atamtuma mkewe kwa aibu. Mpokee kama siku zote, chukua mtoto, mnuse chupa yake ya maji kama mnavyonusa za wote. Mazungumzo yafanyike pembeni, dakika tano, yahusu mpango: siku ukijua una shughuli, tupigie mapema, mama mdogo aje. Msimlazimishe akiri. Akisema mwenyewe kwamba pombe imemzidi, mwelekezeni hospitali, na mumwambie hilo haliwi sababu ya mtoto kufukuzwa kituoni. Mtoto wa nyumba yenye pombe ndiye anayehitaji kituo kuliko wote.

Mwezi wa pili, msimu ukiisha, toeni fomu zote na kupiga namba upya. Watu wamenunua simu mpya na laini mpya kwa fedha za korosho, na nusu ya namba mlizonazo hazitaita tena.